Titi Moja Kubwa, Jingine Dogo: Maswali Yenu kuhusu Upasuaji

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii siku za karibuni zinahusu jambo ambalo wanawake wengi hulibeba kimya kimya: matiti yaliyotofautiana kwa ukubwa, kwa umbo au kwa kimo, na swali la kama upasuaji unaweza kuyasawazisha. Nimechagua chache zinazowakilisha nyingine, nikazifupisha na kuondoa majina. Ieleweke tangu mwanzo kwamba ni nadra sana kumpata mwanamke ambaye matiti yake yanalingana kabisa, na kwamba tofauti ndogo ni maumbile tu wala haihitaji tiba. Walioandika hapa ni wale ambao tofauti yao imevuka hapo, au imetokea kwa namna inayotaka uangalifu.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 23, karani hapa Jinja. Titi langu la kulia ni kubwa na limeshuka, la kushoto ni dogo na limesimama. Kila asubuhi nakunja kitambaa na kukiweka upande wa kushoto wa sidiria. Mwezi wa nane mchumba wangu anakuja na wazee wake kujitambulisha nyumbani, na fundi aliyenipima gomesi, vazi letu la sherehe, alirudia vipimo vya kifua mara mbili bila kusema neno. Rafiki zangu wananishauri niwekewe silikoni upande wa kushoto. Je, ni sawa? Na nikifanyiwa upasuaji nitaweza kunyonyesha? Sijazaa bado.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na ushauri wa rafiki zako, kwa kuwa ndio unaotolewa mara nyingi na ndio unaohitaji kupimwa zaidi. Watu hudhani kwamba kasoro iko kwenye titi dogo, ilhali mara nyingi dogo ndilo lenye umbo jema lililokaa mahali pake, na kubwa ndilo linalovuta bega na kuacha alama ya mkanda wa sidiria. Kwa hiyo simama mbele ya kioo, ulifunike moja kwa mkono, kisha ulifunike la pili, ujiulize ni lipi ambalo ungefurahi kama yote mawili yangefanana nalo. Daktari bingwa atakuuliza swali hilo hilo, na jibu lako ndilo litakaloamua upande wa kufanyiwa kazi.

Ikiwa unalipenda la kushoto, basi la kulia litapunguzwa na kupandishwa. Daktari huondoa sehemu ya mafuta, tezi na ngozi iliyozidi, kisha huihamisha chuchu juu huku ikiwa bado imeshikamana na nyama inayoilisha damu na hisia. Kazi huanza kabla ya nusukaputi. Mgonjwa husimama wima, na daktari humchora kifuani kwa kalamu kuanzia chini ya koo hadi kwenye mkunjo ulio chini ya titi, kwa sababu mtu akishalala chali matiti hukimbilia ubavuni na vipimo vyote hupotea. Nyama inayotolewa hupimwa kwenye mizani mle mle chumba cha upasuaji, kisha hupelekwa maabara kuchunguzwa. Kabla ya mshono wa mwisho kitanda huinuliwa mpaka mgonjwa awe nusu ameketi, ili daktari asimame miguuni pake na kuyatazama matiti yote mawili kwa pamoja. Nimeeleza haya kwa urefu ili ujue kwamba usawa hutafutwa kwa macho na kwa vipimo, na kwamba hata mikono iliyobobea haiahidi usawa kamili.

Makovu yapo, wala usimwamini anayekwambia hayapo. Kwa kawaida kovu huzunguka duara jeusi la chuchu, likashuka moja kwa moja hadi mkunjo wa chini, na titi likiwa kubwa sana huongezwa kovu jingine lililolala ndani ya mkunjo huo. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo moja zaidi la kulifikiria kabla ya kusaini karatasi, nalo ni keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua na kuvuka mpaka wa jeraha lenyewe. Kifua ni miongoni mwa sehemu zinazopenda kuota keloidi. Kama masikio yako yaliota uvimbe baada ya kutogwa, au kovu la chanjo begani limevimba na kuwasha, mwambie daktari mapema. Huenda bado ukafanyiwa upasuaji, lakini utapangiwa kabisa sindano za steroidi ndani ya kovu na karatasi laini za silikoni za kubandika, na utaamua ukijua hatari iliyo mbele yako. Kovu la kawaida nalo huchukua mwaka mzima au zaidi kufifia, kwa hiyo usilihukumu katika miezi ya mwanzo.

Kuhusu kunyonyesha, wanawake wengi waliopunguzwa titi hunyonyesha, ila wengine hupata maziwa pungufu upande uliofanyiwa kazi, kwa sababu baadhi ya mirija hukatwa. Mwambie daktari waziwazi kwamba hujazaa, ili achague mbinu inayoiacha chuchu ikiwa imeungana na tezi iliyo chini yake. Ujue pia kwamba mimba na kunyonyesha hubadilisha matiti ya kila mwanamke, yaliyopasuliwa na yasiyopasuliwa, na tofauti inaweza kurudi kwa kiasi fulani baada ya uzazi. Wapo wanaochagua kusubiri mpaka wamalize kuzaa, na wapo ambao miaka hiyo ya kusubiri ingewaumiza zaidi. Siwezi kukuchagulia katika hilo.

Kipandikizi cha silikoni, yaani mfuko unaowekwa ndani ya titi, hakikatazwi. Kilitumika kwa mara ya kwanza mjini Houston, Marekani, mwaka 1962, na kwa mwanamke ambaye titi dogo ni dogo kiasi kwamba hakuna cha kulisawazisha nalo, kipandikizi huwa ndicho chaguo linalofaa. Lakini kipandikizi si cha maisha. Mwili hujenga utando kukizunguka, na utando huo unaweza kukaza mpaka titi likawa gumu na kuuma. Kipandikizi chenyewe kinaweza kupasuka bila dalili, ndiyo maana hutakiwa kuchunguzwa kwa ultrasaundi au MRI, yaani picha za ndani za mashine ya sumaku, kila baada ya miaka michache, na wengi hulazimika kurudi mezani kukibadilisha. Tena, kinapowekwa upande mmoja tu, titi lenye kipandikizi hubaki limesimama wakati mwenzake linashuka kadiri umri na uzazi vinavyosonga. Kwa binti wa miaka 23 mwenye titi moja lenye umbo zuri na jingine lililozidi, mimi ningeanza na lile lililozidi.

Iko njia ya tatu: kufyonza mafuta tumboni au mapajani, kuyasafisha na kuyadunga kwenye titi dogo. Hii hufaa pale tofauti si kubwa. Mwili hula sehemu ya mafuta hayo katika miezi ya kwanza, kwa hiyo mara nyingi kazi hurudiwa, na mtu mwembamba huenda asiwe na mafuta ya kutosha.

Kuhusu sherehe, nakuomba usiifanye kuwa tarehe ya mwisho. Uvimbe wa upasuaji huchukua miezi kadhaa kutulia, na kwa wiki nne hadi sita hutakiwi kubeba jerikani la maji wala kupanda boda boda kwenye barabara yenye mashimo. Mwambie fundi ukweli, naye atashonea pedi laini ndani ya gomesi upande wa kushoto. Mafundi wetu wameshayaona mengi kuliko unavyodhani.

SWALI: Salamu daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, Arua. Binti yangu ana miaka 14, na tangu avunje ungo titi la kushoto limekua kuliko la kulia. Shangazi yake anasema tumpeleke mtoni akaumwe na wale wadudu wanaozungukazunguka juu ya maji, waliume lile dogo ili likue. Baba yake anataka apasuliwe haraka. Nimebaki katikati.

JIBU: Mama, kaa hapo hapo katikati, maana ndipo penye usalama wa mtoto. Desturi ya wasichana kuumwa na wadudu wa majini ili matiti yaote inajulikana katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na sitawadharau wazee walioirithi. Lakini kinachotokea pale ni uvimbe wa muda unaoletwa na umajimaji wa yule mdudu. Tezi ya titi haikui kwa kuumwa. Hukua kwa homoni zilizo katika damu, na jeraha dogo lililoingia uchafu linaweza kuwa jipu litakaloharibu titi kweli.

Nao upasuaji haujafika wakati wake. Matiti mara nyingi huanza kwa kupishana, moja likatangulia kwa miezi, na tofauti ya miaka 14 inaweza kupungua sana ifikapo miaka 17 au 18. Madaktari wengi husubiri mpaka ukuaji ukome na ukubwa utulie kwa mwaka mmoja au zaidi, kwa sababu titi linalosawazishwa leo na mwenzake anayeendelea kukua litaachwa nyuma tena. Wakati huo wa kusubiri si wa kukaa bure. Mnunulie sidiria inayotosha upande mkubwa, uweke pedi upande mdogo, na uzungumze naye, maana bweni la shule linaweza kuwa mahali pakali kwa msichana anayejificha anapooga.

Hata hivyo, apimwe na daktari mara moja sasa. Wapo wasichana ambao titi moja hukua ghafla ndani ya wiki au miezi michache, ngozi ikavutika na kung'aa, na mishipa ikaonekana. Hapo mara nyingi ndani kuna uvimbe mkubwa usio saratani uitwao fibroadenoma, ambao huondolewa bila kusubiri umri wowote, na titi lililobaki hujirudi vizuri. Daktari atamtazama mgongo pia, kwa kuwa uti uliopinda huusukuma upande mmoja wa kifua mbele na kuyafanya matiti yaonekane tofauti hata kama yanalingana. Atamtazama misuli ya kifua na vidole vya mkono wa upande mdogo, akitafuta hali aliyoieleza Alfred Poland mjini London mwaka 1841, ambamo mtoto huzaliwa bila sehemu ya msuli wa kifua, na pengine vidole vya mkono ule ni vifupi au vimeungana.

Niongeze onyo kwa wazazi wenye mabinti wadogo zaidi. Msichana wa miaka 8 au 9 anaweza kuota kidonge kigumu chini ya chuchu moja, kikiuma kidogo. Hicho ndicho chanzo cha titi lenyewe. Asikubali mtu yeyote kukikata akidhani ni uvimbe, kwa maana kikitolewa titi halitaota tena upande huo. Nimewaona wanawake wazima wenye kovu dogo kwenye chuchu na kifua bapa, na hakuna upasuaji unaoweza kukirudisha kilichokatwa siku ile.

SWALI: Naandika kutoka Soroti. Nina miaka 29. Nilipokuwa na miaka mitano sufuria ya uji wa moto ilinimwagikia kifuani. Titi la kushoto lilikua, la kulia limebanwa na kovu, chuchu imevutwa chini kuelekea tumboni. Nimeolewa na nina mtoto mmoja, aliyenyonya upande mmoja tu. Je, kuna linaloweza kufanyika baada ya miaka yote hii?

JIBU: Lipo, dada, tena wewe si wa kuambiwa kwamba unatafuta urembo. Kuungua kwa maji, uji au mafuta ya taa jikoni ni miongoni mwa sababu za matiti kutolingana ambazo zinazuilika kabisa, na wanaolipa ni watoto wa kike ambao hawakuwa na sauti siku ile.

Kwanza daktari atataka kujua kama tezi yako ilikufa au imefungiwa tu. Moto unapokula ngozi ya juu, tezi iliyo chini inaweza kupona na kukua kwa homoni za ujana, lakini kovu halitanuki, basi titi hubaki limebanwa au husukumwa upande. Mahali pa namna hiyo daktari hulikata kovu na kulifungua, na titi lililokuwa limefichika hujitokeza hapo hapo mezani. Pengo linalobaki hufunikwa kwa ngozi iliyochukuliwa pajani, au kwa ngozi nzima ya jirani iliyogeuzwa pamoja na mishipa yake. Kama matiti yako yote mawili yalijaa ulipokuwa na mimba, hata lile lililobanwa likauma na kukaza, hiyo ni dalili njema, mweleze daktari.

Ikiwa tezi ilikufa, titi litajengwa upya, na kazi hiyo huenda kwa hatua. Mfuko mtupu huwekwa chini ya ngozi au msuli, kisha kwa wiki nyingi daktari huujaza maji ya chumvi kidogo kidogo kwa sindano, ngozi ikitanuka polepole, halafu mfuko huo hubadilishwa kwa kipandikizi. Ngozi yenye kovu gumu haitanuki kwa urahisi na inaweza kupasuka, kwa hiyo kwa walioungua mara nyingi inafaa zaidi kuleta nyama hai kutoka kwingine. Msuli mpana wa mgongoni, pamoja na ngozi yake, huzungushwa kupitia kwapani hadi kifuani bila kukatwa mshipa wake wa damu, njia iliyoelezwa nchini Italia na Iginio Tansini mwaka 1906 na inayotumika mpaka leo. Nyama ya tumbo chini ya kitovu hutumika pia, ingawa upasuaji wake ni mrefu zaidi, nawe ukiwa bado unataka watoto ni lazima hilo lizungumzwe kabla. Mwishowe titi la kushoto huenda likapunguzwa au kupandishwa kidogo ili likutane na la kulia, kwa sababu titi lililojengwa haliwezi kufuata kila umbo.

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Soroti, uombe barua ya rufaa. Hospitali ya Kiruddu iliyoko Makindye, Kampala, ndiyo yenye kitengo cha taifa cha majeraha ya moto na upasuaji wa plastiki, na hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, inajulikana kwa kurekebisha makovu ya moto yaliyobana viungo. Nenda na damu ya kutosha mwilini. Mwenye upungufu wa damu au malaria hurudishwa nyumbani mpaka apone.

SWALI: Mke wangu ana miaka 43. Tuko Tororo. Matiti yake yalikuwa sawa miaka yote, lakini tangu mwaka huu uanze la kushoto limekuwa dogo na limepanda juu. Hana maumivu. Nimesikia kuna upasuaji wa kusawazisha. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, acheni habari ya kusawazisha kwa sasa. Titi linalobadilika katika umri huo, hasa linalopungua na kuvutwa juu, ni lazima lichunguzwe saratani kwanza, na kutokuwa na maumivu hakumaanishi usalama. Atazamwe kama chuchu imeingia ndani, kama ngozi ina vishimo kama ganda la chungwa, kama kuna tezi zilizovimba kwapani. Afanyiwe mamogramu, yaani eksirei ya matiti, au ultrasaundi, na kikionekana chochote, kipande kidogo kitolewe kwa sindano kipelekwe maabara. Saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Uganda, ikitanguliwa na ya mlango wa kizazi, na wengi wetu hufika hospitali ikiwa imechelewa. Nendeni wiki hii, nawe ufuatane naye. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyopo Mulago tangu mwaka 1967, hupokea wagonjwa wenye rufaa kutoka wilaya zote. Majibu yakiwa salama, niandikie tena tuzungumze habari ya umbo. Yakiwa mabaya, habari ya kulijenga titi itaingia katika mpango wa matibabu yake, wala haitakuwa imepotea.

SWALI: Naishi Ntinda, Kampala. Nimeona kwenye simu tangazo la kliniki inayoweka vipandikizi siku hiyo hiyo na kurudi nyumbani jioni, kwa bei nafuu. Dada yangu ananiambia heri niende India. Nimtegemee nani?

JIBU: Kabla ya nchi na bei, mtazame mtu atakayeshika kisu. Hapa Uganda kila daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno na kupewa leseni ya kila mwaka, nawe una haki ya kuuliza jina lake huko. Usajili peke yake hautoshi. Muulize alisomea wapi ubingwa wa upasuaji wa plastiki, nani atakayetoa dawa ya usingizi, na mgonjwa akizidiwa usiku atapelekwa hospitali gani. Kurudi nyumbani jioni si kosa kwa kazi ndogo, mradi kuna mtu anayepokea simu saa nane za usiku. Kliniki inayokasirishwa na maswali hayo imeshakujibu.

Ukienda nje, hesabu na gharama ya kurudi. Kidonda kinaweza kufunguka wiki ya tatu, damu ikajikusanya, au maambukizi yakaingia na kipandikizi kikatolewa, na wakati huo utakuwa Ntinda huku daktari wako yuko ng'ambo. Bei unayotajiwa iwe na vipimo, chumba cha upasuaji, usingizi, sidiria maalumu, ziara za baadaye, na jibu la maandishi kuhusu nani atalipa kazi ikirudiwa.

Uliza pia aina ya kipandikizi. Mwezi Julai 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliitaka kampuni ya Allergan iviondoe sokoni vipandikizi vyake vya Biocell, vyenye uso wa kukwaruza, kwa sababu ya kuhusishwa na saratani adimu ya chembe za kinga inayoota kwenye utando unaokizunguka kipandikizi. Dalili yake kubwa ni titi moja kuvimba tena miaka kadhaa baada ya upasuaji, na anayeiona asikae nyumbani. Kila kipandikizi halali huja na kadi yenye jina la kampuni, ukubwa na namba yake. Idai kadi hiyo kabla hujatoka hospitali, uipige picha, na nakala uiache kwa dada yako.